Mtungi wa Mama Nyamizi

Malagarasi, upande wa relini
Ulezi umeshavunwa

Kwa mama yangu, Sikonge,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, mgongo umepoa, na kicheche hajawamaliza kuku wako. Sisi huku tunakula, tunasali, tunalala. Kabla hujaendelea nakuomba kitu. Barua hii usimpe mwinjilisti akusomee. Najua unavyopenda barua zangu zisomwe barazani watu wasikilize, shangazi akiitikia amina hata pasipotakiwa amina. Hii isome mwenyewe, ndani, mlango umefungwa. Macho yakichoka iweke chini ya mto, kesho uendelee.

Nina hofu, mama.

Nianze na habari njema, maana ipo. Nina mimba. Imeshika vizuri, imeanza kucheza. Kitu kitamu sikitaki kabisa, hata harufu ya asali inanigeuza tumbo. Mambo mengine yote yalianzia kwenye hilo hilo la asali, ndiyo maana nalitaja mapema.

Unaukumbuka mtungi ulionipa nilipoondoka, ule wa togwa, wenye alama ya kidole chako shingoni? Sikukuandikia kwa aibu: haukufika. Niliupakata kwenye gari moshi tangu Tabora. Stesheni ya Usoke akapanda mwanamume na gunia la karanga, akaniomba nisogee kidogo, nikasogea, naye akalitua gunia juu ya mtungi. Nililia kama nimefiwa, mpaka mume wangu Elia akaona haya mbele ya abiria. Tulipofika huku nikawa sina cha kutengenezea togwa, na Elia wangu unamjua, chakula cha mchana bila togwa kwake hakijakamilika.

Jirani yetu ni mjane, anaitwa Mama Nyamizi, Mnyamwezi mwenzetu, mtu wa utani sana. Anapika pombe na kuwauzia wafanyakazi wa genge la reli. Usishtuke. Nyumba za huku serikali ndiyo iliyozipanga, ilipowahamisha watu kutoka porini ili wasiumwe na mbung'o wa malale, huchagui jirani. Mimi ni mke wa mwalimu wa misheni, kwake siingii, tunasalimiana uani tu, kila mtu upande wake wa ua. Aliposikia habari ya mtungi wangu alinicheka kwanza, kisha akaniletea wa kwake, mkubwa, mweusi, umesuguliwa kwa mchanga mpaka unang'aa. Akasema nikae nao mpaka nitakapochoka. Siku ile ile akaondoka kwenda Ujiji msibani kwa dada yake, akakaa huko muda mrefu.

Mama, nilifuata kila kitu ulichonifundisha. Nililoweka ulezi, nikauotesha chini ya majani mabichi, nikauanika, nikausaga mwenyewe kwa jiwe. Uji niliupika mwepesi, nikaungoja upoe mpaka kidole kikavumilia ndipo nikatia kimea. Ila niliongeza la kwangu. Wazazi wa wanafunzi huku hawana kingine cha kumpa mwalimu ila asali, nyumba ilikuwa imejaa vibuyu vya asali nami siwezi kuila. Nikaona nimimine humo humo. Halafu badala ya kuilaza siku moja kama wewe, nikaiacha ilale zaidi, pembeni mwa jiko penye joto, ili asali ikolee. Nikaisukia na kawa ya kuifunikia, kwa ule mtindo wako wa macho ya kanga, ukindu nimeutia rangi ya magome. Kawa ilitoka nzuri, mama, hata wewe ungeisifu, na unajua husifu ovyo. Nilipoifunua niliona togwa imepanda povu jeupe, inachemka polepole bila moto. Nikasema kumbe asali ya huku ina nguvu. Nikaionja kwa ncha ya kidole, ikauchoma ulimi kidogo. Elia akanywa kata moja, akaongeza ya pili, akaniambia hajawahi kunywa togwa kama ile. Nilifurahi mno. Nikajiona na mimi sasa ni mama mwenye nyumba, nina pishi langu.

Basi baada ya hapo mume wangu akaanza kuumwa.

Alianza kwa kusinzia. Anarudi shuleni, anakula, anakunywa togwa yake, macho yanamlemea, kichwa kinaanguka huku tonge liko mkononi. Elia, mama, yule mtu asiyejua hata kulala mchana wa Jumapili! Kisha ulimi ukawa mzito. Akawa anasema kwa sauti kubwa, anacheka peke yake, mara ghafla anamlilia kaka yake aliyekufa wakiwa wadogo. Akiinuka anagonga kiti. Asubuhi kichwa kinamuuma, hataki mwanga, hataki uji. Siku moja watoto wa shule walionekana wakicheza nje saa za hesabu, na mkuu wa mtaa alipochungulia akamkuta mwalimu kalaza kichwa mezani, anakoroma.

Huku hakuna asiyejua maana ya dalili hizo. Watu wamehamishwa na makaburi ya ndugu zao wameyaacha kwa ajili ya dalili hizo hizo. Wanawake kisimani habari zao ni hizo, nani kaanza kusinzia, nani kapelekwa Tabora kuchomwa sindano ya mgongo, nani hakurudi. Nilikuwa nateka maji huku masikio yamesimama, nikiomba wasimtaje mume wangu. Siku walipobadili habari nilipofika, nilirudi nyumbani na debe nusu.

Lakini mimi sikuhitaji wanawake wa kisimani. Mimi malale nayajua tangu nikiwa mdogo, nimeyaona ndani ya nyumba yetu. Marehemu baba alikuwa vile vile, mama. Sijasahau. Kuimba bila mpangilio, kumwaga chakula, kulia, kutupenda sana jioni na asubuhi kutotaka kusikia sauti zetu. Hata harufu. Elia alipoanza kunipumulia usoni nilitaka kukimbia, kwa sababu ilikuwa harufu ile ile ya baba, iliyokuwa kwenye shati lake na kwenye mto wake. Ulituambia ni harufu ya dawa ya malale. Nikawa najiuliza, Elia hajapewa dawa na mtu yeyote, sasa harufu inatoka wapi? Nikajijibu kwamba kumbe ni harufu ya ugonjwa wenyewe. Usiku nilikuwa namlaza kifudifudi ili nisiinuse.

Ukaguzi ulipofika tulipangwa mstari asubuhi chini ya jua, mganga wa malale akipita na kumpapasa kila mtu shingoni akitafuta tezi. Nilikuwa nyuma ya Elia. Mganga akampapasa Elia huku na huku, akamtazama macho, akasema huyu ni mzima, apite. Mzima! Na alasiri ile ile nikamwona mume wangu akishindwa kufungua vifungo vya shati. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko mwanzo. Niliona ugonjwa wenyewe una akili, asubuhi unajificha, mganga akiondoka unatoka.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia, wangempeleka. Nilifanya lile tu nililokuwa nalijua, mama, nilimlisha. Nilizidisha togwa. Nikazidisha asali. Nikamchorea kibuyu kwa chuma cha moto, ndege na majani ya mninga kukizunguka, nikampa awe anakwenda nacho shuleni apate nguvu mchana kutwa. Kila alipozidiwa, nami nilizidi kumjazia. Akinikatalia nilimbembeleza kwa ajili ya mtoto. "Kunywa baba, unakwisha," nilimwambia, naye akanywa ili asiniudhi.

Siku aliyochelewa, jua lilikuwa bado juu. Watoto wa shule walikwishapita zamani. Niliacha mboga motoni nikashika njia ya shule, ile njia ya zamani ya misafara, pana, imenyooka, miembe mikubwa pande zote mbili, na leo haipiti mtu. Nilimkuta katikati ya njia. Amelala chali, mdomo wazi, mbung'o wawili wamemtua mkononi naye hana habari. Kibuyu changu cha ndege kiko kando yake, kitupu.

Mama, wewe ndiye unayejua niliona nini pale. Baba pia aliokotwa njiani. Waliotoka kurina asali ndio waliomleta, asubuhi, wamemfunika kaniki, nawe ulituzuia tusitoke, lakini niliona miguu. Niliiona miguu ile tena pale njiani, kwenye miguu ya Elia. Nilimwita hakuitika. Nilimpiga makofi. Sikujua nalia kwa sauti mpaka nikasikia mtu ananijibu kwa mbali, "Nani huyo anayelia hivyo, kuna nini?"

Alikuwa Mama Nyamizi, anatoka stesheni na mzigo wake kichwani, amerudi kutoka Ujiji. Akautua mzigo, akapiga magoti, akaweka sikio kifuani mwa Elia. Kisha akainusa pumzi yake.

"Mwalimu amekunywa kwa nani?"

Nilikasirika. Nilimwambia mume wangu hanywi, ni mtu wa kanisa, ana malale, anakufa, anisaidie kumbeba. Hakunibishia. Akaokota kibuyu, akakinusa nacho, akakigeuza akaangalia wale ndege, akasema nimechora vizuri. Tukamkokota Elia mpaka nyumbani, yeye bega hili na mimi bega lile. Tukamlaza. Mama Nyamizi akaenda moja kwa moja jikoni, akainua kawa yangu, akachovya kata, akanywa, akafunga macho.

"Mwanangu," akasema, "hii ni wanzuki, pombe ya asali. Tena mimi mwenyewe sijapata kuipika kali hivi."

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto moto ni nini. Ule mtungi ni wa pombe tangu enzi za mama yake. Chachu imeingia kwenye udongo wenyewe, husugui ikatoka. Ukitia uji wa kimea na ukaunywa siku hiyo hiyo, si kitu. Ukitia asali, ukauacha penye joto ulale na ulale tena, umepika pombe. Alidhani ninajua. Alisema hajaona bado mwanamke wa Kinyamwezi asiyejua mtungi wa wanzuki kwa kuutazama tu, au hata kwa harufu. "Kwenu hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa akinywa?" akaniuliza. Nikamjibu hakuna.

Nilicheka, mama. Nilikaa chini kwenye majivu nikacheka mpaka nikashika tumbo, na Mama Nyamizi akacheka, tukacheka wote wawili, mke wa mwalimu na mpika pombe, huku mwalimu akikoroma chumbani. Mume wangu haumwi! Hana sindano ya mgongo, hana Tabora, hana kaniki. Nilimshukuru Mungu hapo hapo, mikono imejaa majivu. Elia alipoamka na kuambiwa, aliona haya hata akashindwa kuninyanyulia macho. Tulipiga magoti tukaomba msamaha kwa dhambi ambayo hatukujua tunaitenda. Nilimwaga yote nyuma ya jiko. Kuku wakanywa wakapepesuka, Elia akacheka kwa mara ya kwanza. Nikadhani yamekwisha.

Kesho yake nilikaa kusuka kawa nyingine. Unajua mkono ukiwa kazini kichwa kinakwenda kinakotaka. Changu kilikwenda Sikonge. Kikarudi kwenye lile swali la Mama Nyamizi, na kwenye jibu langu nililolitoa haraka. Mkono ukasimama. Harufu ile, mama. Elia hakuwa na malale wala hakunywa dawa ya malale, na alikuwa na harufu ile ile. Basi shati la baba lilikuwa na harufu gani?

Nakumbuka ulikuwa na mtungi mmoja ambao haukuguswa na mtu, uliokuwa ghalani, umefunikwa kwa ungo. Nakumbuka uliuvunja siku walipomleta baba, ukaupiga na mchi mpaka ukawa vigae, nasi tukadhani ndivyo afanyavyo mtu aliyefiwa. Tulikuwa wadogo. Ulituambia malale, kanisa likaambiwa malale, akazikwa vizuri na watu wakaimba. Sikulaumu. Naomba unielewe hapo, usije ukaacha kusoma. Ningekuwa wewe, na watoto, na baraza lote lile linasikiliza, ningesema malale vile vile. Siku ile ya njiani nilikuwa tayari kusema uongo wowote ule ili Elia asichukuliwe.

Lakini sasa nakuuliza kwa sababu ya jambo la juzi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Nimerudia togwa ya kwako, kwenye sufuria, bila asali, inalala siku moja. Elia anakunywa, anasema asante. Anakunywa kata moja. Amekuwa mkimya, mikono haitulii, akirudi shuleni anazungukazunguka uani kama aliyepoteza kitu. Juzi nilikuwa naanika majani ya nsansa juu ya paa, nikamwona kutoka juu. Alikuwa kasimama nyuma ya jiko ulipo ule mtungi. Aliufunua. Aliingiza kichwa chote ndani, mtungi mtupu mama, umekauka, akavuta pumzi. Akakaa hivyo. Niliposhuka akanitabasamia, akanishika bega, akaniambia kwa sauti nzuri, sauti ya kuomba chumvi:

"Rahel, ile ya kwanza ilinituliza sana kifua. Huwezi kunitengenezea kidogo tu? Kwa ajili ya kifua."

Nilijifanya kichefuchefu kimenishika nikaingia ndani. Mpaka sasa ninavyokuandikia hajanirudia neno lile, lakini ananitazama, na mimi namtazama. Malale niliyaogopa kwa kuwa yangeniulia mume. Hili naliogopa zaidi, kwa kuwa ni mimi niliyemtia mdomoni, kata kwa kata, nikimbembeleza. Na nina mtoto tumboni atakayezaliwa humu, akue akinusa shati la baba yake. Sitaki aje kuniuliza, na mimi nimjibu ni dawa.

Mtungi nifanyeje? Nikiuvunja, nimevunja mali ya mtu aliyenitendea wema, na Elia atajua ninamwogopa. Nikiurudisha kwa Mama Nyamizi, nyumba yake ni pale ng'ambo ya ua, na huko utapikiwa kila wiki. Nikikaa nao, unaona mwenyewe. Nimeujaza maji kwanza, ili usiwe na kitu cha kunuswa.

Mama, baba alipokuomba mara ya kwanza, ulimjibu nini? Ulimpa? Niambie kweli tu, sitamwambia mtu. Kama ulimpa, nitajua nisimpe. Kama ulimnyima, niambie alikwenda wapi.

Nisalimie shangazi, mwambie mimba inacheza lakini hayo mengine usimwambie. Msalimie mjomba wa Lusu akija na ng'ombe wake. Msalimie dada yangu na watoto, mwambie kawa ya macho ya kanga namletea yeye. Mwinjilisti naye msalimie, na kama ataudhika hakupewa barua, mwambie ilikuwa ya mapishi tu. Wala si uongo.

Jibu mpe mke wa mlinda stesheni wa huku, anayekuletea barua hii, akirudi kupitia Tabora, mkononi mwake, asimpe mtu mwingine ila mimi.

Ni mimi mwanao wa pili, anayekuota,
Rahel

Nimeitoa tena barua bahashani. Nilipotoka kutafuta gundi nimekuta maji ya mtungini yamemwagwa, na mtungi umeanikwa juani mdomo juu, umekauka vizuri. Ndani yake Elia amenitilia vibuyu viwili vya asali.